Pulrodi au pushrodi? Kwa niliyoyashika mwenyewe

Mkuu umeuliza kwa nini Ferrari kwenye F1 walihamia pulrodi mbele 2025 (pulrodi na pushrodi ni fimbo za saspensheni zinazounganisha gurudumu na springi), na kama ndo inafanya gari ishike barabara zaidi. Mi nilikuwa upande wa saspensheni kwenye gari ya wanafunzi chuoni Uingereza, yale mashindano ya Formula Student, tulikuwa na pushrodi nyuma tukaja kuhamia pulrodi.

Tairi haijui tofauti. Pushrodi inaanzia chini kwenye gurudumu inapanda hadi kwenye roka (kile kipande kinachozunguka na kupeleka mwendo kwenye springi) juu ya bodi, gurudumu likiruka inasukuma. Pulrodi inaanzia juu inashuka kwenye roka iliyo chini, gurudumu likiruka inavuta. Ukipiga hesabu za roka vizuri springi na shokapu zinapata mwendo uleule, madereva wetu hawakuhisi chochote.

Faida ipo, uzito unakaa chini, na fimbo inayovutwa haipindi kama inayosukumwa kwahiyo unaitengeneza nyembamba. Sema kwenye kufungua sasa! Pushrodi unatoa kifuniko cha juu unabadili springi umesimama zako, hiyo nyingine unalala chini na tochi mdomoni, boliti huioni unaipapasa tu, na huku wanawaita mkapange foleni.

F1 wao wanawaza hewa. Newey, mbunifu wa Red Bull, aliweka pulrodi nyuma kwenye gari yao RB5 ya 2009 ili mgongo wa gari ushuke hewa ipite, halafu timu nyingine zikaja na difyuza (ile sehemu ya nyuma chini inayotoa hewa ya sakafuni) ya tabaka mbili, na vyuma vya pulrodi ya Newey vikawa vimekaa palepale difyuza hiyo inapotaka kukaa. 2022 mifereji ya hewa ikarudi chini ya sakafu, Red Bull na McLaren wakageuza, pulrodi mbele pushrodi nyuma, huko nyuma difyuza ipate nafasi na mbele hewa iende sakafuni ikiwa imetulia. Ferrari walishaijaribu mbele tangu 2012, pua zile zilikuwa juu mno rodi ikawa karibu imelala kabisa, na bado dereva wao Alonso akakosa ubingwa mwaka huo kwa pointi 3. 2016 wakarudi pushrodi.

Kwahiyo hiyo ya 2025 ni hewa mkuu, siyo kushika barabara. Gari ya Ferrari ya 2022, F1-75, ilikuwa pushrodi mbele, dereva wao Leclerc akashinda mbio mbili kati ya tatu za mwanzo wa msimu. SF-25, gari yao ya 2025, na pulrodi yake ilimaliza mwaka huo haijashinda grand prix hata moja.