Kabla hujanunua chupa ya Clos de Vougeot

Ukifika Burgundy, Ufaransa, na muda wako ni mdogo, achana na ile orodha ndefu ya makasri. Nenda Clos de Vougeot, shamba la mizabibu lenye ukuta na kasri lake, kusini kidogo mwa mji wa Dijon, utenge nusu siku. Wageni wengi niliowakuta pale walidhani wanaingia kwa mtengenezaji wa mvinyo, wakashangaa kuambiwa kwamba kasri lenyewe halitengenezi.

Anzia kwenye majengo ya kazi. Watawa wa monasteri ya Cîteaux walianza kulima mizabibu hapa karne ya 12, nao walijijengea ghala la mvinyo na ukumbi wa kukamulia zabibu. Humo imesimama mitambo minne mikubwa ya kukamulia, boriti zake magogo mazima ya mwaloni. Mimi hapo ndipo nilipokawia. Vyumba vya kifahari nilivipita harakaharaka. Jumba lenye vyumba hivyo lilikuja baadaye sana, mwaka 1551, chini ya abati (mkuu wa monasteri) Jean Loisier, wakati shamba limekwisha kupata sifa na ukuta wake.

Mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya watawa kila kitu, serikali ikauza. Ajabu ni kwamba shamba halikugawanywa hadi 1889, lilipochukuliwa na wanunuzi 15. Kuanzia hapo mirathi na mauzo vikalikatakata: leo hekta zipatazo 50 zina wamiliki takriban 80, wengine wakiwa na mistari michache tu ya mizabibu. Kasri nalo likaenda njia yake. Tangu 1944 liko mikononi mwa Confrérie des Chevaliers du Tastevin, chama cha wapenzi wa mvinyo wa Burgundy, wanaofanyia humo karamu zao (kwa yale majoho mekundu, utadhani mahafali ya chuo kikuu).

Sasa tuje kwenye pesa yako. Jina Clos de Vougeot kwenye lebo ni la shamba. Halikuambii nani kalima, wala kalima upande gani. Juu, jirani na kasri, kuna mawe ya chokaa na maji hupita upesi. Chini, kuelekea barabara kuu, udongo ni mzito wa mfinyanzi na maji hutuama. Kote huko daraja ni lile lile, Grand Cru, la juu kabisa Burgundy. Kwa hiyo tazama kwanza jina la mzalishaji, kisha muulize mwenye duka vipande vya mzalishaji huyo viko wapi kwenye mteremko. Akibabaika, toka. Mji jirani wa Beaune hauna uhaba wa maduka ya mvinyo.