Tangi naliona, mbona maji yanakuja saa nane usiku?

SWALI: Habari za kazi kaka. Naishi Goba, Dar, mtaa wa mlimani, nikisimama uani tangi la maji la mtaa naliona kabisa, dakika kumi kwa mguu. Sasa mchana bomba linakohoa hewa tu, maji yanaanza saa nane usiku tena kama uzi, naamka kukinga ndoo mpaka alfajiri afu naenda kazini. Jirani kafunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, yeye anapata. Na mimi nifunge? (Mama wa watatu)

JIBU: Dada yangu pole sana, hiyo kazi ya kukinga usiku naijua, mama yangu kaifanya miaka mingi.

Watu wanadhani tangi ni stoo tu, kumbe kazi yake kubwa ni kimo. Kila mita 10 za kwenda juu zinakupa presha kama baa 1 hivi (baa ni kipimo cha presha), ndo maana matangi yanajengwa vilimani, kama yale ya Kimara yanayopokea maji ya mtambo wa Ruvu Juu au ya Chuo Kikuu Ardhi yanayopokea ya mtambo wa Ruvu Chini, maji yakishapandishwa pale na pampu yanashuka yenyewe. Kwa hiyo ukaribu sio hoja, angalia sakafu ya tangi imeipita koki yako kwa mita ngapi. Kama ni mita 4 presha yako ni kidogo mno, na asubuhi wa bondeni wote wakifungua, wanaogesha watoto, wanafua, inaishia huko huko njiani.

Halafu mtambo unasukuma usiku na mchana, Ruvu Chini peke yake uwezo wake ni lita milioni 270 kwa siku, lakini sisi hatunywi wala kufua saa nane usiku. Tukilala tangi linajaa, tukiamka linashuka, na wa bondeni wakifunga koki ndo presha inapanda mpaka kwako.

Pampu kwenye bomba la mtaa usifunge, nakuomba kabisa. Ukilinyonya, presha ndani inashuka kuliko ya nje, na pale bomba lilipotoboka likapita mtaroni linavuta yale maji meusi, afu yanaenda kwenye vikombe vya watoto wako na wa jirani.

Weka simtank chini uani, mdomo wa kuingizia maji uwe chini kadri inavyowezekana, na boya la kufunga likijaa, maji yaingie yenyewe umelala. Pampu inyonye humo kupeleka juu. Lifunike vizuri mwanga usiingie na ulioshe, maana maji yakikaa siku nyingi klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, inaisha. Yale ya kwanza ya kahawia baada ya mgao yamwage, ni tope la kwenye bomba.

Na muone mwenyekiti wa mtaa mwandike barua, muombe mamlaka ya maji wapime presha kwenu mchana na usiku kwa wiki nzima, wakiona mchana ni sifuri watajua mtaa wenu unatakiwa kulishwa na tangi la juu zaidi au kufungiwa pampu ya kuongeza nguvu.