Usiimwage Chardonnay Yako kwa Sababu ya Harufu ya Kiberiti

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Arusha ambaye alianza kwa salamu ndefu, kisha akauliza swali moja tu: "Kaka, nimetapeliwa?" Alikuwa amenunua chupa mbili za Chardonnay, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo, ya bonde la Hemel-en-Aarde alipokuwa Cape Town, kwa bei ambayo sitaitaja kwa kuwa mumewe naye hunisoma. Moja aliiweka kwenye friji tangu asubuhi, akaifungua usiku mbele ya wageni, na harufu ya kwanza iliyowafikia ilikuwa ya njiti ya kiberiti. Wageni wakaomba bia, na mvinyo uliobaki ukaishia kwenye sufuria ya mchuzi wa samaki.

Nilisoma ujumbe ule mara kadhaa, na nakiri kwamba niliumia kana kwamba chupa ilikuwa yangu.

Dada, hukutapeliwa. Harufu ile hutokana na viambata vya salfa vinavyozaliwa wakati juisi ya zabibu inapochachuka na mvinyo unapokaa ndani ya pipa juu ya mashapo ya hamira, bila hewa nyingi kuufikia. Watengenezaji wengi wa Chardonnay ya hadhi ya juu huitaka kwa kiasi, kwa sababu huufanya mvinyo uonekane mkavu, yaani usio na utamu, na wenye ladha kama ya jiwe ndani yake. Mvinyo ukiwa mchanga harufu hiyo hutangulia mbele ya kila kitu, lakini ukimiminwa kwenye jagi la kioo na kuachwa upumue, mara nyingi hupungua na kuyapisha mengine.

Ili kuelewa kwa nini mvinyo wa aina hii unastahili subira, ni lazima kwanza kuelewa mahali unapotoka. Hemel-en-Aarde liko nyuma ya mji wa Hermanus, katika ghuba ya Walker, kama kilomita 120 kutoka Cape Town. Tim Hamilton Russell alinunua ardhi huko mwaka 1975 akitafuta baridi ya kulea zabibu za Burgundy, eneo la mvinyo la Ufaransa, na baridi hiyo aliipata kwa sababu upepo wa bahari hupanda bondeni na kuzipunguzia zabibu makali ya jua. Mimi ni mtoto wa Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na nilikua nikiamini kwamba jua jingi ndilo utajiri wa mkulima. Kule Hermanus nilijifunza kwamba zabibu inayoiva polepole huweza kupata sukari yake bila kupoteza asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoubeba mvinyo mweupe kwa miaka.

Niongeze jambo moja ambalo wageni wangu hulipenda. Miche rasmi ya Chardonnay iliyopatikana Afrika Kusini wakati ule ilikuwa dhaifu na taratibu za karantini zilichukua miaka, hivyo baadhi ya wakulima waliingiza vipando kwa magendo. Vingine vilipokua vikagundulika si Chardonnay hata kidogo, bali Auxerrois, aina nyingine ya zabibu nyeupe, na suala hilo likafika mbele ya tume ya uchunguzi katika miaka ya 1980. Watu walihatarisha majina yao kwa ajili ya mzabibu huu, nawe unaumwagia kwenye mchuzi!

Nilianza kazi katika mgahawa mmoja wa pwani ile, ambao sitautaja, nikiwa mbeba vikasha. Mkuu wa wahudumu aliwaambia wateja mbele yangu kwamba mtu aliyelelewa kwa pombe ya mtama hawezi kutofautisha mvinyo na siki, nao wakacheka. Maneno yale bado yananiwasha. Baada ya zamu nilikuwa nikinusa mabaki ya glasi, moja baada ya nyingine, kabla hazijaoshwa, na leo orodha ya mvinyo ya hoteli ninayofanyia kazi Dar es Salaam naiandika mimi. Nasema haya kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnataka kufika hapa nilipo, na njia ya kufika ni pua na subira; tena subira zaidi.

Basi chukua glasi pana, si ile nyembamba ya shampeni. Mimina kidogo, uiinamishe juu ya kitambaa cheupe na uangalie ukingo. Chardonnay changa huonekana ya rangi ya majani makavu yenye ukijani kidogo, na iliyozeeka vizuri huwa ya dhahabu. Onja kidogo ikiwa bado na ubaridi wa friji, kisha iache mezani. Nyuzi 4 za friji huifunga pua ya mvinyo na kuuacha ukali wa asidi na ladha ya mwaloni, mti wa pipa lake, vikiwa peke yake, ndiyo maana wageni wako walikunja uso. Ikifika nyuzi 11 au 12, kiberiti kikishapungua, utasikia ganda la ndimu, kisha tufaha la kijani, halafu kitu kama korosho iliyotoka kukaangwa. Harufu ya siagi, kama ipo, ni kazi ya bakteria wanaoigeuza asidi kali ya zabibu kuwa asidi laini, ile iliyomo kwenye maziwa yaliyoganda. Meza, halafu usiseme neno. Mvinyo wa kawaida hupotea mdomoni mara moja, ilhali huu hubaki, na mwishoni huacha uchumvi unaokufanya utamani tena.

Vijana, acheni haraka! Naona picha zenu mkifungua chupa ya mwaka juzi, ikiwa imeganda kwa barafu, kisha mnaandika kwamba Chardonnay imepitwa na wakati. Chupa nzuri ya bonde hilo mara nyingi huanza kufunguka ikiwa na miaka mitano hivi, na zilizo bora huendelea kupendeza hata baada ya kumi, matunda yakipisha asali, karanga na mkate uliobanikwa. Sharti moja ni kwamba ihifadhiwe gizani, kwenye ubaridi usiobadilika wa nyuzi 12 au 13, ikilazwa ubavu kama ina kizibo cha gome. Kabati la jikoni Dar es Salaam litaizeesha kabla ya wakati wake, na ukiikuta na rangi ya chai na harufu ya tufaha lililooza, hakuna jagi litakaloiokoa.

Chupa yako ya pili, dada, usiiuze. Kama huna mahali pa baridi pa kuitunza, ifungue mwaka huu huu, uitoe kwenye friji nusu saa kabla na kuimimina kwenye jagi. Ile nazi ya samaki wa kupaka huendana vizuri na unono wa mvinyo huu, lakini mwambie mpishi apunguze pilipili, kwa sababu pilipili hufanya kileo kiunguze koo na mwaloni uwe mchungu.