Nitamjuaje anayefaa kuwa msimamizi?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni meneja wa hoteli huku Kiwengwa, Zanzibar. Mwaka jana tulimpandisha mfanyakazi wetu bora wa usafi wa vyumba awe supavaiza. Sasa wenzake wanachelewa, mashuka yanapotea, na yeye mwenyewe anashinda akisafisha vyumba vya wengine. Nahitaji supavaiza wa mapokezi kabla ya msimu wa Juni, na tajiri mwenye hoteli anataka nimlete mtu kutoka Bara au Kenya. Nitajuaje kama ninaye humu humu ndani? Na huyu wa mwanzo nimfanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Huyo supavaiza hana kosa. Alikuwa hodari wa kazi moja, mkamtunuku kazi nyengine kabisa. Hata Marekani yanatokea: mwaka 2019 wachumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mauzo. Waliouza zaidi ndio waliopandishwa zaidi, lakini kadiri mtu alivyokuwa muuzaji hodari, ndivyo timu yake ilivyozorota alipokuwa meneja.

Kwetu linaongezeka jengine, nalo ni muhali, yaani kuona haya kumkosoa mtu wa karibu. Anaowasimamia ni majirani, pengine na jamaa wa mume wake. Kumwambia mtu mzima "chumba hiki rudia" kunamwia zito, basi anachukua ufagio mwenyewe. Kwa hiyo unayemtafuta ni mtu anayeweza kusema neno la kazi bila kuvunja udugu, na ambaye wenzake wanafanya kazi vizuri zaidi akiwepo.

Anza na daftari la makabidhiano ya zamu hapo mapokezi. Lisome la miezi miwili, usiku mmoja umetulia. Mmoja ataandika: "Chumba 14 kiyoyozi kibovu." Mwengine ataandika: "Chumba 14 kiyoyozi kinavuja. Fundi kaambiwa saa 3, kaahidi kuja kabla ya adhuhuri, mkumbusheni. Mgeni kahamia 17, mzigo wake mmoja bado uko 14." Huyu wa pili anamfikiria anayekuja baada yake, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mimi humpa uzito mkubwa mtu wa namna hii kuliko cheti chochote.

Kisha waulize wafanyakazi, mmoja mmoja na faraghani: "Ukikwama usiku na meneja hayupo, unamwendea nani kwanza?" Usiulize nani awe supavaiza, maana hapo watakutajia rafiki au mkubwa wao. Jina likijirudia kutoka kwa watu wasiokaa pamoja, liandike. Mara nyingi ni la mtu mkimya, na wanawake wengi wenye uwezo huu hawajitokezi kuomba nafasi mpaka waitwe.

Jihadhari na Kiingereza. Hoteli za pwani zinamwona anayekizungumza kwa ufasaha kuwa ndiye kiongozi. Supavaiza wa mapokezi anakihitaji, ndiyo, lakini mwenye msingi ataongezewa kwa masomo. Ujasiri wa kumkanya mwenzako kwa heshima ni mgumu zaidi kufundishwa.

Ukibakiwa na watu watatu au wanne, wape jaribio. Kampuni ya simu ya AT&T ilianza kuwapima mameneja vijana kwa mazoezi ya kazi tangu 1956, chini ya Douglas Bray, na matokeo yakafichwa wakubwa wao wasije wakapandisha watu kwa kuyafuata. Miaka kadhaa baadaye, waliotabiriwa kupanda ndio waliopanda zaidi. Wewe huhitaji gharama. Mkalishe mtu kwa saa moja na karatasi nane, kila moja na tatizo lake, kwa mfano: kundi la wageni linawahi kufika, dobi hajaleta mashuka, mfanyakazi anaomba ruhusa ya mazishi, wawili wa zamu moja hawasemezani. Aseme ataanza na lipi, atamwachia nani lipi, na atawaambia nini hao wawili. Wasikilizaji wawe wawili au watatu, maswali yawe yale yale kwa wote, na kila mmoja aandike alama zake kabla hamjazungumza.

Atakayeongoza katika jaribio akaimu nafasi hiyo Aprili na Mei, wakati wa masika, wageni wakiwa wachache. Mpe barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza pamoja na posho, ili akirudi nafasi yake isiwe aibu. Mpe pia mamlaka ya kweli: apange zamu, atoe ruhusa. Kaeni nusu saa kila wiki, umuulize alimwambia nani neno gumu na alilisemaje. Hapo ndipo anapokua, hata kuliko semina. Ukiona hakuna aliyefaa baada ya haya, mlete wa nje bila kinyongo, lakini mpangie mtu wa ndani ambaye yeye atamfundisha kazi.

Kuhusu supavaiza wa sasa, zungumza naye peke yake kabla hajasikia kwa watu. Kwanza mpe miezi miwili ya kusaidiwa kweli, kwa sababu inaelekea hakuna aliyemfundisha. Akitaka kurudi kwenye vyumba, mtengenezee nafasi ya mkufunzi wa wafanyakazi wapya, mshahara usiguswe, na mabadiliko ya mkataba yaandikwe na ayasaini kwa ridhaa yake.