Risasi za bastola katika bunduki: mtutu mrefu unaongeza nini?

SWALI: Ninaishi Texas, nina bastola ya milimita 9 na rivolva ya .357 Magnum, na ninafikiria kununua bunduki itumiayo mojawapo ya risasi hizo ili nisilazimike kuweka aina nyingi nyumbani. Muuzaji ameniambia kwamba mtutu mrefu huipa risasi ya bastola nguvu ya bunduki kamili. Je, ni kweli?

JIBU: Nguvu huongezeka, lakini kiasi cha nyongeza hutegemea zaidi risasi yenyewe kuliko urefu wa mtutu, na risasi zako mbili hutofautiana sana katika jambo hili.

Gesi ya baruti huendelea kukisukuma kichwa cha risasi muda wote kinapokuwa ndani ya mtutu, mradi shinikizo lake linauzidi msuguano. Risasi ya milimita 9 ina baruti kidogo inayoungua upesi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hukamilika katika sentimita chache za mwanzo. Kichwa cha gramu 7.5 kinachotoka kwenye bastola kwa takribani mita 350 kwa sekunde kitatoka kwenye mtutu wa sentimita 40 kwa takribani mita 400. Ukiurefusha mtutu zaidi ya hapo, faida huwa ndogo mno, na hatimaye msuguano huanza kupunguza mwendo.

Kwa .357 Magnum hali ni nyingine. Ganda lake hubeba baruti nyingi zaidi, ambayo mara nyingi huungua polepole kiasi kwamba mtutu mfupi hauwezi kunufaika nayo yote, na zaidi ya hayo rivolva hupoteza gesi katika upenyo ulio kati ya silinda na mtutu, upenyo ambao bunduki haina. Ndiyo maana kichwa cha gramu 10.2 kinachotoka kwenye rivolva kwa takribani mita 375 kwa sekunde hufikia karibu mita 550 katika bunduki ya wenzo (ile inayopakia risasi kwa kusukuma mkono ulio chini yake). Kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa mwendo, hiyo ni kutoka jouli 720 hivi hadi zaidi ya 1,500, yaani zaidi ya maradufu. Hata hivyo, .308 Winchester, ambayo ni risasi ya bunduki kamili, hutoa jouli zaidi ya 3,000, kwa hiyo muuzaji wako ametia chumvi.

Hamu yako ya kuwa na risasi moja kwa silaha mbili si ngeni: mnamo 1878 Colt ilianza kuuza rivolva yake kwa risasi ya .44-40, ile ile ya bunduki ya Winchester ya 1873.

Jambo ambalo wauzaji hulitaja mara chache ni kwamba vichwa vyenye tundu mbele vimesanifiwa kutanuka kwa mwendo wa bastola. Vikipigwa kwa kasi ya mita 550, baadhi hutanuka mapema mno au kuvunjika vipande, visipenye kina kinachohitajika kwa mnyama. Kwa uwindaji wa paa ningechagua kichwa kizito chenye ncha bapa, na ubapa huo una sababu nyingine: katika magazini ya bomba iliyo chini ya mtutu, risasi hupangwa ncha ya moja ikigusa fataki (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni) ya iliyo mbele yake, na ncha kali inaweza kuilipua.

Vichwa vya bastola, kwa kuwa ni vifupi na butu, hupoteza mwendo upesi hewani. Bunduki ya milimita 9 iliyorekebishwa ipige katikati ya shabaha kwa mita 50 itapiga takribani sentimita 15 chini ya shabaha ifikapo mita 100, na .357 haitafaa sana kwa uwindaji zaidi ya umbali huo. Ukinunua ya .357, ijaribu kwa risasi utakazozitumia hasa, kwa mita 50 na kwa 100, kwa sababu bunduki hizi huwa teuzi sana kuhusu uzito wa kichwa.