Vibarua wa Mexico waliondoka, mbona ujira haukupanda?

SWALI: Darasani tumefundishwa kwamba vibarua wakipungua, ujira hupanda. Lakini nimesoma kuwa Marekani iliufunga mpango wa Bracero, wa kuleta vibarua wa Mexico mashambani kwa mkataba, mwishoni mwa 1964, Wamexico wakakosa mikataba ya kwenda kuvuna, na ujira wa mashambani haukupanda kama ilivyotarajiwa. Kanuni ndiyo mbovu au hesabu?

JIBU: Kanuni ni nzima, ila ina sharti ambalo walimu hulitaja haraka haraka: mambo mengine yabaki yalivyo. Wakulima wa California hawakuyaacha yalivyo.

Tuanze na hoja ya waliotaka mpango ufungwe, maana haikuwa ya kubeza. Mpango ulianza Agosti 1942, wakati wa vita, na katika miaka yake 22 ilisainiwa mikataba ipatayo milioni 4.6. (Hiyo ni mikataba, si watu; wengi walirudi msimu baada ya msimu, na namba hii hutajwa vibaya kila mara.) Mkataba ulitaka kibarua alipwe ujira unaolipwa katika eneo husika. Sasa, nani aliutaja ujira huo? Vyama vya wenye mashamba vilikutana kabla ya msimu, vikapanga kiwango, na kiwango hicho kikahesabiwa kuwa cha soko. Tume iliyoundwa na Rais Truman ilililalamikia jambo hili mwaka 1951. Tena kibarua alifungwa kwa mwajiri wake: jirani akilipa zaidi, hakuwa na ruhusa ya kuhamia kwake.

Kwa hiyo ilionekana wazi kwamba wakiondoka, ujira ungepanda. Mwaka 2018 Michael Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel walichapisha utafiti uliolipima hilo. Kuitazama California peke yake hakusaidii, kwa sababu ujira ulikuwa ukipanda nchi nzima. Walilinganisha majimbo yaliyowategemea sana Mabracero (vibarua wa mpango huo) na yale yaliyokuwa nao wachache au hayakuwa nao kabisa, kabla na baada ya kufungwa kwa mpango. Kama kuondoka kwao ndiko kulikopandisha ujira, majimbo ya kundi la kwanza yangeyaacha mengine nyuma. Hayakuyaacha.

Nyanya za kiwandani, yaani za kusindikwa, zinaeleza sababu. Katika Chuo Kikuu cha California kule Davis, Jack Hanna alikuwa amezalisha nyanya yenye ganda gumu, inayoiva shamba zima kwa wakati mmoja, na Coby Lorenzen akaiundia mashine ya kuivuna. Mashine ilikuwepo kabla ya 1964, lakini kibarua alikuwa rahisi kuliko mkopo wa kuinunua. Mpango ulipofungwa hesabu iligeuka, na kufikia mwisho wa muongo huo karibu nyanya zote za kiwandani za California zilivunwa kwa mashine. Pale ambapo mashine haikufaa, kama kwenye stroberi, baadhi ya wakulima walipunguza eka. Pengo la vibarua lilizibwa kwa chuma na kwa kulima kidogo. Sehemu iliyobaki ya kuzibwa kwa ujira mkubwa zaidi ikawa ndogo.

Hata hivyo, wastani wa jimbo huficha mengi. Zabibu za mezani hukatwa kwa mkono. Mwaka 1965, ingawa mpango ulikuwa umefungwa, serikali ilitaka kibarua yeyote wa Mexico ambaye bado angeruhusiwa kuletwa California alipwe dola 1.40 kwa saa. Wavunaji Wafilipino wa bonde la Coachella, California, waligoma, wakakipata kiwango hicho hicho. Septemba, wenye mashamba wa Delano, jimboni humo humo, walikataa kukilipa, na ndipo ulipozuka mgomo wa Larry Itliong, kiongozi wa vibarua Wafilipino; baadaye chama cha vibarua cha Cesar Chavez, chenye wengi wa asili ya Mexico, kilijiunga nao, ukadumu hadi 1970. Mimi nauona hivi: kuondoka kwa Mabracero kuliwapa wagomaji nguvu, lakini senti zenyewe ilibidi wazidai.

Ukiulizwa kuhusu leo, mpango uliopo ni H-2A, viza ya vibarua wa kigeni wa mashambani, uliotokana na sheria ya 1986. Serikali huweka kima cha chini ili wageni wasiushushe ujira wa wenyeji, na mwajiri hutoa makazi bure. Kima hicho kinajibu lalamiko la 1951 kuhusu nani anayetaja ujira. Tatizo la pili, la kibarua kufungwa kwa mwajiri, bado lipo: viza ya H-2A humfunga kibarua kwa mwajiri aliyemwombea.