Like a Prayer ya Madonna: kelele zilikuwa za video, albamu yenyewe ni ya msiba

Habari za jioni wakuu. Mleta mada kasema wimbo wa Like a Prayer wa Madonna, yule mwimbaji wa Marekani, kausikia kwenye filamu ya Deadpool & Wolverine ya 2024, akaupenda, halafu watu wazima wakamwambia ule ni wimbo wa kufuru. Anauliza kama ni kweli, na kama albamu nzima ya 1989 inafaa kusikilizwa au ni wimbo mmoja tu uliobeba jina. Mdogo wangu, nakujibu kwa kirefu, maana albamu hii ninayo tangu nikiwa kidato cha pili, na roho huniuma nikisikia watu wanaimaliza kwa neno moja.

Kwanza uielewe Dar ya wakati ule. Huku bara televisheni ilikuwa haijaja, ilikuja 1994. Muziki wa nje ulikufikia kwa kanda. Kariakoo kulikuwa na maduka ya kurekodi: unapeleka kaseti tupu, unachagua kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, unarudi jioni kuchukua. Yangu aliniletea kaka yangu, mwishoni mwa 1989, kaseti ya dakika 60. Albamu ina dakika kama 51, kwa hiyo upande wa kwanza ulibaki na nafasi na mrekodi akajazia zouk, ule muziki wa visiwa vya Karibi. Mpaka leo wimbo wa tano ukiisha, masikio yangu yanangoja zouk ianze. Juu ya karatasi aliandika kwa kalamu ya bluu: MADONA – SALA. Basi. Hakuna picha, hakuna maneno ya nyimbo, hakuna habari ya ugomvi wowote. Sisi tuliisikia kabla ya kuiona, na nadhani ndiyo maana ninaihukumu tofauti na wengi.

Kilichonishika ni kwaya. Nilikuwa naimba sauti ya pili kwaya ya parokia yetu, Magomeni. Wimbo unaanza na gitaa linalokwaruza, linakatwa ghafla kwa kishindo, halafu inabaki sauti yake na kwaya inayohema nyuma yake taratibu. Ndipo ngoma zinaingia. Kadiri wimbo unavyokwenda, yeye anazidi kuwaachia wao, mpaka mwishoni wimbo unakuwa wa kwaya na yeye ni mmoja tu kati yao. Ile ni kwaya ya Andraé Crouch wa Los Angeles, mtu wa injili hasa, na aliyapitia maneno kabla ya kukubali kazi.

Mwaka 1990 tulikuwa tunajiandaa na ujio wa Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyefika Dar Septemba ile. Mazoezi kila jioni. Siku moja niliwahi na redio kaseti, nikaiweka kanda wakati nawangoja wenzangu. Mwalimu wa kwaya akaingia, akasimama pale mlangoni na madaftari yake kwapani. "Kwaya ya wapi hiyo?" Nikamwambia ya Marekani. Akaniambia nirudishe nyuma. Akasikiliza mara tatu, kidole kinapiga pigo hewani, kisha akawageukia wale wa sauti ya nne waliokwisha kuingia: "Mnasikia wanavyovuta pumzi pamoja? Ninyi kila mtu anapumua kwake." Jioni ile tulifanya mazoezi ya kuvuta pumzi tu. Wiki iliyofuata mtu akamweleza mwimbaji ni nani, na kwamba Vatikani wamemlaani. Akaniita pembeni. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, hiyo usiilete tena hapa." Halafu, akiwa ameshageuka kuondoka: "Lakini ile kwaya inaimba."

Sasa hiyo kufuru. Video niliiona 1991 kwa binamu yangu mwenye deki, Sinza, baada ya kuisikiliza kanda zaidi ya mwaka. Mtaani nilikuwa nimeambiwa kuwa Madonna anambusu Yesu na anachoma misalaba. Siyo. Kisa ni hiki: mwanamke, ndiye Madonna mwenyewe, anaona wanaume weupe wakimshambulia binti. Kijana mweusi anafika kumsaidia, polisi wanamkamata yeye. Yule shahidi anaogopa, anakimbilia kanisani, analala, na katika ndoto sanamu ya mtakatifu mweusi, anayefanana na yule kijana, inapata uhai. Kumbusu ndiyo kupo, na viganja vya yule mwanamke vinatoka madonda kama ya Kristo. Anapoamka anakwenda kutoa ushahidi, kijana anaachiwa. Misalaba inayowaka nyuma ya Madonna ni alama ya Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, waliyoitumia kuwatishia watu weusi kule Marekani. Sisi Dar hatukuijua alama hiyo, tukaona tu mtu anacheza mbele ya moto na misalaba. Ukiikosa maana ya ule moto, umeikosa video nzima.

Mimi Mkatoliki naomba nisieleweke vibaya: lile busu kanisani linanisumbua mpaka leo, na sitamlaumu padri yeyote aliyekasirika. Kuna jambo lingine linanisumbua zaidi ambalo sisikii likisemwa. Yule kijana mweusi hana neno lake. Anapigwa pingu, anageuka sanamu, anaachiwa, na muda wote anayekua na kuokoka ni yule mwanamke mweupe. Hapo nina neno naye. Lakini kusema anautukana Msalaba, hapana.

Na kelele zilikuzwa na fedha. Pepsi walikuwa wamemlipa dola milioni 5. Tangazo lao lilitoka tarehe 2 Machi 1989, la kifamilia kabisa, yeye anajitazama akiwa mtoto. Kesho yake video ikatoka, watu wakachanganya tangazo na video, Pepsi wakaliondoa tangazo na yeye akabaki na fedha zake. Albamu ilitoka tarehe 21 mwezi uleule, dunia ikiwa imeshatoa hukumu.

Ndani yake kuna nini? Kuna msiba. Mama yake alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 1963, akiwa na miaka 30, mtoto akiwa na miaka 5. Albamu ameitoa kwa heshima ya mama huyo, aliyemfundisha kusali. Mimi Mama alifariki nikiwa na miaka 7. Kwa hiyo ilipofika Promise to Try, piano na sauti, na Kingereza changu cha kidato cha pili kikashika kwamba anamwambia mtoto wa kike asiisahau sura ya mama yake, nilizima redio. Sura ya Mama naijua kwa picha moja tu, ya studio, ameshika ua la plastiki na macho yake hayatazami kamera. Kila nikijaribu kumkumbuka akitembea, inakuja ile picha. Wimbo ule unaongea habari hiyohiyo, kumbukumbu inayokimbia huku mtoto anaahidi kujaribu. Sijawahi kuusikiliza na watu.

Oh Father ndio mkubwa kuliko yote kwangu. Vinanda vya nyuzi vinapanda kama maji, mtoto anamwambia baba yake kwamba hawezi kumuumiza tena kwa sababu ameondoka. Ungeishia hapo ungekuwa wimbo wa hasira. Lakini kuelekea mwisho anakiri kwamba huenda siku moja ataweza kusema kuwa baba hakukusudia ukatili, naye kuna mtu alimuumiza. Kule Marekani ulipotolewa peke yake uliishia namba 20, kwake yeye wakati ule ni kama kuanguka. Sishangai, si wimbo wa kuchezwa disko.

Till Death Do Us Part ni ya ndoa yake na mwigizaji Sean Penn iliyovunjika mwaka uleule wa 1989. Maneno tunayoyajua wote kwenye harusi, mpaka kifo kitutenganishe, ila hapa muziki unakwenda mbio kama sherehe huku anaimba michubuko na chuki, na mwishoni unasikia vioo vinavunjika. Nilikuwa nimeucheza miezi mingi kabla ya kuelewa. Express Yourself una matarumbeta na kifua mbele, anawaambia wanawake wasikubali penzi la nusu, na ukiweka mbele ya mtu aliyekulia kwenye taarabu ya Khadija Kopa ataelewa bila kutafsiriwa.

Sio yote mazuri. Love Song alioimba na mwanamuziki mwenzake Prince ni nyota wawili wanangojana, hakuna anayeanza. Dear Jessie ni wa kitoto, mimi nauruka. Wa mwisho, Act of Contrition, yaani ile sala ya kutubu, anaisali juu ya gitaa na sauti za kwaya zilizogeuzwa nyuma mbele, kisha inaishia kwenye ugomvi, anadai aliweka nafasi mapema na haionekani. Hapo ndipo naona kweli anachezea kitu ambacho hakukuwa na haja ya kukichezea, na ajabu, watu hawaulalamikii huo.

Kitu cha mwisho, na ndicho kilichonifanya niandike. Mwaka 1992 binamu yule, aliyekuwa baharia, alituletea nakala halisi, santuri, naye aliinunua kwa mtu huko safarini. Gramafoni hatukuwa nayo. Tulikuwa na jalada tu, lenye kiuno na jinzi na shanga, na lilinukia. Nakala za kwanza zilitiwa manukato ya patchouli, mmea wenye harufu nzito, na kwa pua zetu yalikaribia ubani wa kanisani. Baba aliligeuza lile jalada likatazama ukuta. Ndani kulikuwa na karatasi kuhusu UKIMWI.

Wakati huo baba mdogo alikuwa anaumwa, analala chumba cha uani. Kikombe chake cha bati kilifungwa uzi mwekundu kwenye mshikio ili kisichanganywe na vyetu, na kilikaa dirishani, nje ya kabati. Ugonjwa hakuna aliyeutaja kwa jina. Baba akaniambia nisome ile karatasi, nitafsiri. Nikasoma habari za maambukizi na kondomu huku naona aibu, nikafika panaposema kuwa watu wenye UKIMWI wanastahili huruma na msaada, si ukatili na chuki. Baba akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza, "Huyo mwenye kiuno ndiye ameandika?" Nikamjibu kuwa imo kwenye kazi yake.

Kesho yake asubuhi kile kikombe kilikuwa kabatini pamoja na vingine, uzi umekatwa.

Kwa hiyo mdogo wangu, isikilize yote, kwa mpangilio wake, bila video, na usiku kama unaweza. Ukifika Oh Father, usiukate kabla ya dakika ya mwisho.